Talaka Katika Banda la Video

Omena huvuliwa gizani. Wavuvi wa Karungu hutoka jioni na karabai, taa ikawavuta samaki juu, nyavu zikafuata. Mwezi ukiwa mpevu karabai hazina nguvu tena, na mashua hulala ufuoni. Ndiyo maana biashara ya video katika miji ya bichi, kuanzia Muhuru Bay na Sori upande wa Migori hadi Sindo na Mbita upande wa Homa Bay, ilifuata mwezi wa angani. Usiku wa giza tulionyesha picha kwa watoto na watu wachache. Mbalamwezi ikitanda, mabenchi hayakutosha.

Niliendesha banda kama hilo Sori kuanzia 1993. Lilikuwa na kuta za mabati, mabenchi ya mbao zilizotolewa kwenye mashua zilizochakaa, televisheni moja, deki ya kaseti, na jenereta iliyokaa ndani ya shimo nyuma ya ukuta ili mngurumo wake usimeze sauti ya picha. Kiingilio kilikuwa shilingi tano. Wateja wangu walikuwa wavuvi, wachuuzi wa samaki, na wachimbaji wa dhahabu kutoka Macalder, ambako kampuni iliacha kuchimba 1966 lakini wenyeji hawakuacha. Waliniita Nyar Karachuonyo, yaani binti wa Karachuonyo, kwa sababu huko ndiko nilikozaliwa.

Watu wakizungumzia mabanda ya video leo, hukumbuka vijana na filamu za ngumi. Hayo yalikuwepo. Lakini mabanda yalikuwa pia mahali ambapo wanawake waliotoka katika ndoa walijitafutia riziki, na mahali ambapo ndoa zilizovunjika zilichekwa mbele yao kila wiki. Nataka hilo nalo liandikwe.

Sinema ilitufikia kwanza kwa gari. Serikali ya kikoloni, kisha Wizara ya Habari ya Kenya huru, ilizungusha magari yenye projekta mashuleni na sokoni. Baba alinisimulia jinsi walivyoketi chini Kendu Bay mbele ya shuka jeupe, wakafundishwa kwanza usafi na kilimo cha pamba, ndipo wakapewa Charlie Chaplin. Walimcheka mpaka machozi. Hawakujua kwamba mchekeshaji yule alikuwa ameachana na mkewe Lita Grey mwaka 1927, talaka iliyojaza magazeti ya Marekani huku yeye akiwa katikati ya kutengeneza filamu ya The Circus. Ukiitazama picha ile leo ukijua hivyo, utamwona mtu anayechekesha umati wakati nyumba yake imeanikwa hadharani. Ng'ambo ya mpaka wetu, Tanganyika, mwanzoni mwa miaka ya 1950, Rashidi Kawawa alicheza katika filamu ya Muhogo Mchungu, akiwa mtu wa shamba aliyeingia mjini. Mwaka 1962 Kawawa huyo akawa Waziri Mkuu. Watu wa Shirati na Sirare, upande ule wa mpaka, walikuwa na mfano wa karibu wa mahali ambapo sura ya kwenye picha inaweza kumfikisha mtu.

Kisha ikaja televisheni. Miaka ya 1980 seti moja kwenye hoteli, ikiendeshwa kwa betri ya gari, ilikusanya mtaa mzima kwa ajili ya vichekesho vya Vitimbi na Vioja Mahakamani. Mzee Ojwang' Hatari alikuwa mume wetu sote. Benson Wanjau, aliyemwigiza hadi karibu na kifo chake mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu, lakini lafudhi yake ya Kijaluo iliwafanya wazee wa Rachuonyo wabishane ametoka ukoo gani. Mama Kayai, ambaye jina lake ni Mary Khavere, tulimwona mkewe wa kweli. Kila wiki waligombana kiasi cha kuvunja nyumba, na wiki iliyofuata walikuwa pamoja tena. Nilivipenda vichekesho vile kwa moyo wote na bado navipenda. Hata hivyo nilipokuwa ndani ya ndoa yangu Kanyamkago nilianza kuona kilichokosekana: ugomvi tulionyeshwa, mwanamke aliyeondoka asirudi hatukuonyeshwa.

Na mwanamke huyo alikuwepo kila kijiji. Kwa mila ya Waluo ndoa hufungwa na ng'ombe, na ng'ombe ndio huifungua. Mke akiondoka, wazee hukaa kuhesabu ng'ombe walioletwa, wakaacha kadhaa kwa ajili ya watoto aliozaa, na waliobaki hudaiwa kwa baba yake au kaka zake. Wasiporudishwa, mwanamke bado ni mke wa mtu hata akiishi mbali miaka mingi, na watoto atakaowapata huko wanaweza kudaiwa na mume wa kwanza. Watoto wa ndani ya ndoa hubaki kwa baba. Kwao alikozaliwa mwanamke hana pa kujenga, kwa sababu boma hugawiwa wana wa kiume. Akifa akiwa hapo, huzikwa nje ya ua. Mahakama za kienyeji za enzi ya ukoloni zilijaa kesi za ng'ombe wa mahari, na zilipofutwa na sheria ya 1967 kesi hizo zikahamia kwa mahakimu wa kawaida, zikiwa na majina yale yale ya wanaume: baba mkwe dhidi ya mkwe, kaka dhidi ya shemeji. Jina la mwanamke lilikuwa ndani ya shauri, si juu ya jalada.

Mimi niliondoka 1991. Kaka yangu alitoa ng'ombe zizini mwake wakarudishwa Kanyamkago, na hakuwahi kunisimanga. Lakini nilipolala nyumbani mwake nilimsikia wifi yangu akiuliza nitakaa mpaka lini, na swali lake lilikuwa la haki. Watoto wangu wawili walibaki kwa baba yao. Nikaenda Sori kukausha omena, kama walivyofanya wanawake wengi wa aina yangu, kwa sababu bichi haimuulizi mtu boma lake. Fedha za omena ndizo zilizonunua deki.

Usiku ulikuwa wa wanaume. Lakini Jumamosi alasiri, wachuuzi wakisubiri malori ya samaki, niliweka picha ya wanawake, na hapo ndipo banda langu lilipopata sifa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 filamu za Nigeria zilifika, za Aki na Ukwa na baadaye za Mr. Ibu, halafu za King Majuto kutoka Tanga. Nyingi zilikuwa vichekesho vya nyumba: mume mjanja, mke mkali, mama mkwe mlangoni, mtu aliyepata pesa ghafla akajiona mfalme. Mwanamke aliyeachika akitokea alikuwa kichekesho tayari. Amejipodoa kupita kiasi, anawinda mume wa mwenzake, na mwishoni anafukuzwa au anapiga magoti arudishwe.

Wateja wangu hawakukaa kimya. Walichukua desturi ya pakruok wakaiingiza kwenye video. Katika sherehe zetu za pombe, tangu enzi za ala za nyatiti na orutu, mtu hutupa sarafu, mpigaji akanyamaza, na yule aliyelipa akasimama kujisifu: ametoka wapi, rafiki zake ni nani, watu wamwogope kwa lipi. Bendi za benga ziliiendeleza. Ukisikiliza santuri za kwetu utasikia majina ya watu yakitajwa katikati ya magitaa, na wengine walijulikana nchi nzima kwa namna hiyo bila kufanya jambo jingine lolote. Sasa wanawake wa Sori walinitupia shilingi na kusema, "Nyar Karachuonyo, simamisha!" Nikabonyeza. Picha ikagandia usoni mwa mwigizaji, ikitetemeka kama zilivyotetemeka kaseti, na mama mmoja akasimama mbele ya televisheni kujisifu. Yeye ni nyar Kasipul, amesomesha watatu kwa omena, mashua iliyotia nanga pale ni yake, na huyo mwanamke wa kwenye picha anayelia ainuke. Wenzake wakapiga vigelegele. Akaketi, nikaendelea na kanda.

Namkumbuka mmoja, mchuuzi wa mbuta, mtu wa maneno machache. Picha ilikuwa imekaribia mwisho, mume anafungua geti na mke anaingia amebeba begi lake, watu wa mtaani wanacheka. Alilipa shilingi kumi nzima. Alisema, "Mimi begi langu lilibaki kule. Niliondoka na mtoto mgongoni na sufuria, na sufuria hiyo ninayo mpaka leo." Hakusema zaidi. Alasiri ile wenzake hawakutaka niimalize picha.

Simu na flashi ziliua biashara. Mpira wa Uingereza uliyashikilia mabanda kwa muda, kisha umeme ukafika na kila hoteli ikawa na skrini yake. Nilifunga 2009. Mwaka uliofuata Katiba mpya, katika kifungu cha 45, iliwapa mume na mke haki sawa wakati wa kufunga ndoa, ndani ya ndoa, na inapovunjika. Sheria ya Ndoa ya 2014 ikaitambua ndoa ya kimila na kuipeleka talaka yake mahakamani, ambako mwanamke anaweza kufungua shauri kwa jina lake mwenyewe. Binti zangu wa bichi wamekwisha kuitumia, na nimewasindikiza wawili hadi mahakamani Migori.

Sasa vijana wa Migori na Homa Bay wanatengeneza vichekesho kwa simu, kwa Dholuo na Kiswahili, na wengine wana majina makubwa kuliko madiwani wao. Mmoja wao, aliyekua akichungulia banda langu kupitia tundu la msumari, ameniletea hadithi ya filamu anayotaka kuipiga: mwanamke anaachika, anajirekodi akimsema mumewe, nchi nzima inamjua, na umaarufu unamlevya. Nilicheka niliposoma. Kisha nikamuuliza huyu mwanamke analala wapi baada ya kuzima simu. Nani anawaogesha watoto? Ng'ombe wamerudi au hawajarudi? Wifi yake anasema nini asubuhi? Hakuwa ameyafikiria, na kwa heshima zake alitoa daftari akaandika. Amekwisha kuandika upya sehemu ya nyumbani kwa kaka, na ni nzuri, inachekesha na inauma. Ya wazee wakihesabu ng'ombe alitaka kuiacha kwa sababu kukodi ng'ombe ni gharama. Nimezungumza na kaka yangu, na atatoa wake siku ya kurekodi.