Damu ya Pwani, Damu ya Milimani

Mwaka 1949 Chuo Kikuu cha Oxford kilituma msafara Mlima Kenya. Wengine walifuata mimea na wadudu. Anthony Allison, mwanafunzi wa udaktari mwenye miaka ishirini na kitu, alifuata damu. Kenya haikuwa ugenini kwake. Alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925, lakini alikulia Gilgil, Bonde la Ufa, na alijua kwamba nchi hii haina homa moja: ukishuka Pwani au Nyanza unalala na mbu, ukipanda Nyeri unalala na baridi. Ujuzi huo wa mtoto wa shamba ulikuja kumfaa kuliko vitabu.

Kazi aliyotumwa ilikuwa ya kawaida kwa wanajenetiki wa siku hizo: kulinganisha makundi ya damu ya makabila mbalimbali. Pamoja na hayo akapima selimundu.

Ugonjwa huu ulikuwa umeingia kwenye majarida ya kitabibu mwaka 1910, pale James Herrick wa Chicago alipoeleza habari za mwanafunzi wa udaktari wa meno kutoka Grenada, ambaye chembe zake nyekundu zilikuwa zimejipinda kama mundu. Akina mama wa Afrika walikuwa wakizika watoto wenye maumivu hayo tangu enzi na enzi, ila wao hawakuwa na jarida. Kwa miaka mingi madaktari wa Marekani waliuona kuwa ugonjwa wa damu nyeusi, basi. Ulipoanza kupimwa katika makoloni, watafiti waliufanya kipimo cha nasaba. Nchini Uganda, Hermann Lehmann na Alan Raper waliwapima Baamba, chini ya milima ya Ruwenzori, wakakuta watu 45 katika kila 100 wana jeni ya ugonjwa huo, ilhali makabila mengine ya nchi hiyohiyo yalikuwa nayo kidogo sana. Wakatafuta jibu kwenye ukoo: nani alitoka wapi, nani alichanganya damu na nani.

Kipimo chenyewe kinaweza kufanyika chini ya mwembe. Unachukua tone la damu, unalichanganya na kemikali inayonyonya oksijeni, unalifunika kwa kioo chembamba, unangoja, kisha unaangalia kwa hadubini. Chembe za asiye na jeni hiyo hubaki za mviringo. Za mwenye nayo huanza kurefuka na kuchongoka ncha.

Allison alipopanga hesabu zake, wenye jeni hiyo kati ya watu wa Pwani na wa kandokando ya Ziwa Victoria walizidi asilimia 20. Wa nyanda za juu hawakufika hata asilimia 1. Hapo ndipo nasaba ilipogonga ukuta. Watu wa Pwani ni Wabantu, Wajaluo ni Waniloti. Hawashirikiani lugha wala asili, lakini katika jambo hili walifanana. Tena Wakikuyu, Wabantu kama watu wa Pwani, karibu hawakuwa nayo. Wanachoshirikiana Pwani na Nyanza ni mbu.

Wazo hilo la mbu na malaria lilitegua kitendawili kingine. Mtoto aliyerithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama huugua, na zamani wengi walikufa kabla ya kuzaa. Kila kaburi la mtoto huyo lilizika jeni mbili. Kwa nini basi haikwisha? Kwa sababu, alijibu Allison, aliyeirithi upande mmoja tu haugui, na malaria haimuui kwa urahisi.

Jibu zuri, lakini lilihitaji ushahidi, na yeye alikuwa hajamaliza masomo. Alirudi mwaka 1953. Katika Buganda alipima watoto 290. Kati ya 43 wenye jeni upande mmoja, 12 walikuwa na vimelea vya malaria; kati ya 247 wasio nayo, 113. Kisha akafanya jambo ambalo leo kamati yoyote ya maadili ingelitupa nje siku hiyohiyo: aliwaambukiza malaria kwa makusudi wanaume 30 wa Kijaluo waliojitolea, nusu wenye jeni, nusu wasio nayo. Wasio nayo waliugua 14 kati ya 15. Wenye nayo waliugua wawili. Dawa ya kuwatibu ilikuwapo, lakini neno “kujitolea” katika Kenya ya mwaka 1953, nchi ikiwa chini ya hali ya hatari, lina uzito wake, na sioni sababu ya kulipita kimyakimya.

Alimalizia kwa kupima watu karibu 5,000 wa Kenya, Uganda na Tanganyika, na ramani ya selimundu ikalala juu ya ramani ya malaria. Makala zake zilitoka mwaka 1954. Wakubwa wa fani walisitasita, kwani majaribio mengine hayakutoa jibu lilelile. Miongo kadhaa baadaye watafiti wa Kilifi, Pwani ya Kenya, walifuatilia watoto wengi zaidi na kukuta kwamba jeni hiyo ikirithiwa upande mmoja hupunguza malaria kali kwa takriban asilimia 90.

Maabara nazo hazikulala. Mwaka huohuo wa 1949, huko California, Linus Pauling na wenzake walionyesha kwa umeme kuwa himoglobini (protini ya chembe nyekundu) ya mgonjwa ina chaji tofauti na ya mtu mwenye afya; selimundu ukawa ugonjwa wa kwanza kufuatiliwa hadi kwenye molekuli. Aliyeitambua tofauti yenyewe ni Vernon Ingram wa Cambridge. Aliikatakata protini hiyo kwa kimeng’enya, akavitandaza vipande juu ya karatasi yenye unyevu, akapitisha umeme upande mmoja na kimiminika upande mwingine, vikaacha madoa. Madoa ya himoglobini mbili yalilingana, isipokuwa doa moja lililohama mahali. Kufikia 1957 alikuwa ametamka kosa: asidi amino moja, ambayo leo hujulikana kuwa ya sita katika mnyororo wa beta, valini ikiwa imekaa kwenye kiti cha asidi ya glutamiki. Elimu ya leo ya proteomiki, yenye mashine zinazopima maelfu ya protini kwa mara moja, ilitanguliwa na karatasi ile.

Allison hakubaki kwenye selimundu. Alifanya kazi London, akarudi Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1970 kuongoza maabara ya kimataifa ya magonjwa ya mifugo, kisha akahamia California. Huko, yeye na mkewe Elsie Eugui walitengeneza mycophenolate mofetil, dawa inayozuia mwili kukataa figo iliyopandikizwa, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995. Alifariki mwaka 2014.

Afya ya jamii ndiyo iliyochelewa. Duniani huzaliwa watoto zaidi ya 300,000 wenye selimundu kila mwaka, wengi wao Afrika. Mwaka 1986 ilithibitishwa Marekani kwamba penisilini ya kila siku huokoa walio wadogo kati yao. Ni dawa ya bei ndogo, ila inamfaa mtoto aliyepimwa mapema, na watoto wetu wengi hupimwa wakiwa tayari wamelazwa. Haidroksiyurea, dawa nyingine ya selimundu, kwa Afrika ilingoja hadi jaribio lililojumuisha Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, matokeo yakatoka mwaka 2019: maumivu yalipungua, malaria ikapungua, vifo vikapungua. Katika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ambako daktari Julie Makani na wenzake wamefuatilia maelfu ya wagonjwa tangu 2004, kuna ujuzi wa kutosha wa kufanya haya yote.

Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kuhariri jeni. Kwa mgonjwa mmoja wa Marekani bei ilitajwa kuwa dola milioni 2.2. Ni kazi ya sayansi ya hali ya juu, na sina neno nayo, lakini waziri wa afya wa nchi yoyote ya ukanda huu akiulizwa leo afanye nini, jibu liko kwenye kisigino cha mtoto mchanga, tone moja la damu kabla mama hajaruhusiwa kutoka wodini. Apimwe, aandikishwe kliniki, apewe penisilini, na apewe pia kinga ya malaria, kwa sababu yeye aliyerithi pande zote mbili malaria humuua upesi.