Upanga, Fumo na Icumu

Sisi tunaofundisha Kiswahili Kinama tunakwama kwenye neno upanga kila tufikapo ushairi wa kale. Kwa Mswahili wa mwambao, upanga ni silaha ya muungwana, yenye makali kuwili. Mwanafunzi wetu husikia umupanga, yaani panga la shambani. Na tangu vita vilivyoanza mwaka 1993, neno hilo lina hofu yake.

Silaha kuu ya shujaa wa Burundi ilikuwa mkuki, pamoja na upinde. Kwa hizo askari wa Mwami Mwezi Gisabo walimzuia Rumaliza, mfanyabiashara wa Ujiji mwenye bunduki, asiiteke nchi katika miaka ya 1880. (Wajerumani ndio waliomlazimisha mwami kukubali mkataba wa Kiganda, mwaka 1903.)

Basi tunaanzia mkukini. Kirundi husema icumu. Kiswahili cha kale husema fumo. Ni maneno ndugu, ya asili moja ya Kibantu. Fumo likawa pia jina la heshima huko pwani ya kaskazini: Fumo Liyongo, na Fumo Madi, sultani wa Pate. Darasa likishamwona Liyongo ndani ya icumu la babu zao, ndipo tunapouleta upanga.