Simu za dharura kwenye swichibodi

Simu za dharura kwenye swichibodi ni simu zinazopigwa kwenda polisi, zimamoto au huduma ya gari la wagonjwa kutoka mfumo wa simu wa ndani wa taasisi, kama vile hospitali, shule au hoteli. Mfumo huo, ambao mafundi huuita PBX, huunganisha simu nyingi za ndani na laini chache za nje.

Nchini Tanzania namba za dharura ni pamoja na 112 (polisi), 114 (zimamoto na uokoaji) na 115, inayotumiwa na mpango wa m-mama kusafirisha wajawazito na watoto wachanga.

Matatizo

Mifumo mingi hudai tarakimu ya kutoka nje, kwa kawaida 9 au 0. Desemba 2013, mjini Marshall, Texas, Kari Hunt aliuawa katika chumba cha hoteli. Binti yake wa miaka 9 alipiga 911 mara nne bila kupata msaada, kwa sababu simu ya hoteli ilidai 9 kwanza. Mwaka 2018 Marekani ilitunga Sheria ya Kari, inayotaka mifumo mipya iruhusu 911 moja kwa moja.

Tatizo lingine ni mahali. Shule ya kijijini wilayani Mbulu ikitumia laini iliyosajiliwa Arusha, mpokeaji wa simu anaweza kudhani tukio liko Arusha.

Kupanga

* 112, 114 na 115 zitoke kwa tarakimu ya nje na bila hiyo.
* Simu ya ndani isipewe mojawapo ya namba hizo.
* Namba inayoonekana iwe ya kituo husika, ili mpigaji aweze kupigiwa tena.
* Mapokezi au mlinzi ajulishwe chumba kilichopiga.
* Pawepo betri na laini ya akiba ya simu ya mkononi. Maafa kama maporomoko ya tope ya Mlima Hanang ya tarehe 3 Desemba 2023, yaliyoua zaidi ya watu 80 huko Katesh na vijiji jirani, huweza kukata umeme na mawasiliano kwa pamoja.

Kujaribu

Fundi huanza kwa namba ya kawaida ili kuhakiki njia ya simu. Kisha hukubaliana na kituo cha dharura kuhusu saa ya jaribio. Simu ikipokelewa, husema mara moja kwamba ni majaribio, huuliza namba na mahali vinavyoonekana, kisha huomba kupigiwa. Jaribio hurudiwa kutoka kila jengo, umeme ukiwa umezimwa, na kila mara mfumo unapobadilishwa.