Nipe Mji

Mwezi wa Juni, katika vilima vya Mbinga, baridi huingia jikoni kabla ya giza. Watoto wanauzunguka ungo, wanapukuchua mahindi kwa vidole gumba, magunzi yanaishia motoni. Mmoja hawezi kuvumilia: "Kitendawili!" Wenzake wanaitika kwa pamoja: "Tega!"

"Mzungu katoka Ulaya, mkono kiunoni."

Huyu anajaribu birika, yule anajaribu askari, wote wanazomewa. Hapo mtegaji anadai haki yake: "Haya, nipeni mji." Anapewa Kigonsera, anakataa, Kigonsera kuna nini? Anapewa Songea, anasema jana alikuwa huko. Akipewa Dar es Salaam anajivutavuta kidogo, kisha anakubali. "Nilikwenda Dar es Salaam, nikapokewa na wakubwa wa mji, nikalishwa wali kwa nyama, wakaniuliza habari zenu, nikawaambia wale bado wanapukuchua mahindi." Akishamaliza kuwasimanga ndipo anatoa jibu: kikombe.

Wengi wetu tunakumbuka majibu tu. Kwangu mimi historia ya mchezo huu imo kwenye huo mji, yaani fidia ya asiyejua.

Neno lenyewe la kutega ni la wawindaji. Kitendawili hutegwa kama mtego wa ndege, na anayekijua hukitegua. Wala si lazima mtego unase kwa akili, mara nyingi hunasa kwa ugeni. Majibu ya vitendawili vya asili hayakisiwi ovyo, yamekwisha kukubaliwa na watu wanaoishi pamoja. Anayesikia "blanketi la babu lina chawa" anajua ni mbingu na nyota kwa sababu alikuwapo usiku ule lilipotajwa kwanza. Mgeni mwenye shahada mbili anaweza kushindwa na mtoto wa darasa la pili, na akatoa miji mpaka ikamwishia.

Wamatengo, watu wa vilima hivi vya Mbinga, walikuwa na mahali pa kukaa pamoja namna hiyo. Walipaita sengu. Wanaume wa ukoo walikula kwa mzee wao, chakula kikiletwa kutoka nyumba mbalimbali, na baada ya kula yakaja mashauri ya shamba, ugomvi na adabu, vijana wakisikiliza. Jikoni nako kulikuwa na baraza lake, la akina bibi na wajukuu. Mchana kutega ilikuwa mwiko, tuliambiwa atakayethubutu ataota pembe. Nadhani sababu yenyewe ilikuwa shamba. Ngoro, yale mashimo ya mraba yanayozuia mvua isichukue udongo wa mlimani, hazichimbwi na watu waliokaa kivulini wakibishana kuhusu yai na nyumba isiyo na mlango. Ukiutazama mlima wa ngoro kutoka barabarani unaona sega la nyuki, na hicho nacho ni kitendawili kilichokosa mtegaji.

Vitendawili vina umri, na baadhi huutaja vyenyewe. Huyo Mzungu mwenye mkono kiunoni hawezi kuwa mzee kuliko kikombe cha mkono kilicholetwa na meli. Kingine, "reli yangu hutandaza ardhini", jibu lake siafu, kilinishangaza nilipokua, maana mkoa wa Ruvuma haujawahi kupitiwa na reli. Aliyekileta, naamini, ni manamba. Vijana wa Songea na Mbinga walichukuliwa kwa mikataba kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, na wako waliovuka kusini hadi migodini. Waliporudi walikuwa na blanketi, baiskeli kwa waliojaliwa, na majina ya miji. Jikoni mwa bibi, mji wa kumpa mtegaji ukawa Tanga, ukawa Johannesburg.

Shule nayo ilileta yake. Mwaka 1958 mwandishi wa Unguja, Shaaban Saleh Farsi, alitoa kitabu cha misemo ya Kiswahili kilichobeba vitendawili vya kwao, na vya namna hiyo vikasambaa darasani bara zima. Kwa hiyo sisi wa vilimani tuliimba "popoo mbili zavuka mto", jibu macho, bila kumjua popoo. Kwa miaka mingi niliamini ni popo, wale wanaoning'inia darini, na nikaona kitendawili kizuri sana, popo wawili wakivuka mto jioni. Kumbe popoo ni tunda linalotafunwa pwani pamoja na tambuu. Mpaka leo naona popo wangu wanavuka vizuri zaidi.

Vile vya Kimatengo na vya mwambao wa Ziwa Nyasa vilibaki zaidi midomoni. Lugha yenyewe iliandikwa, lakini tazama ilikoandikiwa. Kamusi ya Kimatengo ya Padri Johannes Häfliger, Mbenediktini, ilitoka Berlin mwaka 1909, maelezo yake kwa Kijerumani. Msamiati mkubwa wa Kimatengo ulioandaliwa na mwanaisimu wa Kijapani, Nobuko Yoneda, ulichapishwa Tokyo mwaka 2006. Katikati yao yupo mtoto wa nyumbani, Joseph Mbele, mzaliwa wa Mbinga aliyekuwa profesa Minnesota, ambaye kitabu chake cha ngano za Wamatengo kilitoka Marekani mwaka 1999, kwa Kiingereza. Berlin, Tokyo, Marekani. Kama ni kutoa miji, tumeitoa mikubwa.

Ukishuka kutoka Mbinga kwa lami ya kilomita zipatazo 66 hadi Mbamba Bay, ukaufuata mwambao wa Ziwa Nyasa kuelekea kaskazini, unafika Liuli. Wajerumani waliiita Sphinxhafen, Bandari ya Sphinx, kwa ajili ya jabali lililowakumbusha sanamu la Misri. Wayunani nao walikuwa na Sphinx wao, mnyama mwenye kichwa cha mwanamke, aliyekaa kwenye njia ya mji wa Thebes akitega kitendawili. Watoto wetu wa shule wanakijua: asubuhi miguu minne, mchana miwili, jioni mitatu. Jibu ni mtu. Oedipus alikitegua, na waliomtangulia waliliwa. Kwa Sphinx huyo hapakuwa na nafasi ya kusema nipe mji.

Agosti 1914 hapo Liuli palitegwa kitendawili cha kweli. Meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wake, Berndt, alikuwa rafiki wa kunywa naye wa Rhoades, nahodha wa meli ya Waingereza, Gwendolen. Siku moja Gwendolen ilitokea ziwani na kufyatua mzinga. Berndt akaruka ndani ya mashua, akaenda kwa hasira hadi kwa rafiki yake kumuuliza kama amelewa. Habari kwamba Ulaya kuna vita ilikuwa haijamfikia. Akapewa jibu hapohapo, pamoja na taarifa kuwa yeye sasa ni mateka. Vita vilipokwisha meli yake ilibatizwa jina la mfalme wa Uingereza, na jina la Sphinxhafen likafutika kwenye ramani. Aliyekosa jibu alitoa mji.

Wenyeji wa Liuli wala hawakumhitaji Sphinx. Wana jiwe lao ndani ya maji, Pomonda, lenye pango ambalo wazee husimulia kwamba liliwaficha watu Wangoni walipovamia mwambao.

Mara ya mwisho kutegwa ilikuwa Mbamba Bay, gatini, usiku, tukiisubiri meli iliyotakiwa kufika mchana. Abiria wamelala juu ya magunia ya usipa mkavu, harufu imeshazoeleka, simu zimeisha chaji. Mvulana wa miaka kama kumi, anayesafiri na bibi yake, akaniambia, "Shikamoo babu. Kitendawili!" Nikamwambia tega.

"Moshi ziwani, moto hakuna."

Nikasema meli. Akacheka. Nikasema ukungu, akatikisa kichwa kwa masikitiko kama mwalimu. Nikampa Dar es Salaam. "Nilizaliwa huko." Nikampa Mbeya. "Ndiko tunakokwenda." Bibi yake akafumbua jicho moja kuona nitafika wapi. Nikampa Nkhata Bay, ng'ambo, upande wa Malawi.

Akafikiri. Akakubali.

"Nilikwenda Nkhata Bay," akaanza, amenyoosha mgongo. "Nikapewa kiti. Nikapewa mbasa wa kuchoma, mzima, peke yangu. Wakaniuliza, yule babu uliyekuwa naye yuko wapi? Nikawaambia nimemwacha Mbamba Bay anasubiri meli, na jibu lake ni wale wadudu wanaopaa kwa wingu juu ya maji."