FONER: feza ya barabara, nani anakaguaka hesabu zake?

Kwa wenye wanasafiri kati ya Ariwara, Aru na Mahagi, swali linarudi kila musimu wa mvua: tunalipa, lakini barabara iko vile vile. Feza inakwenda wapi?

Sehemu moja ya ile feza inapita kwa FONER, mfuko wa taifa wa kutunza barabara, ulioanzishwa na sheria ya tarehe 7 Julai 2008. Mfuko huu unakula hasa kwenye mafuta ya gari, mafuta ya mashini, malipo ya njia na mizani ya malori. Mwenye kununua lita moja ya mafuta iliyopita dwani kwa kawaida, amekwisha kulipa, hata kama hana gari na anapanda tu pikipiki ya kukodi. (Ile inayoingia usiku na bidoni ni hadisi ingine.)

FONER yenyewe haichimbi mufereji. Inagawa feza kwa wenye kutumika: Office des Routes kwa barabara kubwa, OVD kwa zile za mijini, na wengine kwa njia za mashamba. Njo maana kukagua kitabu kimoja hakutoshi. Kitabu cha FONER kinasema ngapi ilitoka. Kitabu cha mwenye kutumika kinasema ngapi ilifika, na kwa kilometa gani. Mukaguzi anaweka vyote viwili pamoja. Kama namba hazifanani, hapo kazi inaanza.

Hesabu zinafungwa tarehe 31 Desemba. Wakaguzi wa kwanza wako ndani ya shirika: sheria nambari 08/009, ya siku ile ile ya 2008, inaomba kila shirika la serkali la namna hii liwe na wakaguzi wawili wa hesabu, kutoka vikundi vya kazi mbalimbali, kwa miaka mitano isiyorudiliwa. Wawili, juu mumoja asinunuliwe kwa urahisi. Miaka mitano tu, juu wasizoeane sana na mukubwa. Wanafungua vitabu, benki na sanduku, lakini hawaruhusiwi kuongoza shirika.

Wa pili ni IGF, wakaguzi wa feza wanaotumika chini ya Raisi wa Jamuhuri. Hao hawangojee mwisho wa mwaka. Wanaweza kuingia katikati, kuomba makaratasi, na kupeleka dosie kwa parketi. Watu wengi wanafikiri IGF inafunga watu. Hapana, kuhukumu ni kazi ya korti.

Wa tatu ni Cour des comptes, korti ya mahesabu ya serkali. Kifungu cha 180 cha Katiba kinaipa kazi ya kukagua feza za serkali, za mashirika yake, za majimbo, na hata za sheferi. Kwa hiyo sheferi zetu za Aru ziko pia ndani. Sheria yake mpya ni ya Novemba 2018, lakini majaji walioteuliwa kufuatana nayo waliapa mwaka 2022 tu. Kila mwaka inapeleka ripoti kwa Raisi, Bunge na Serkali, na ripoti ile inapaswa kutoka katika gazeti rasmi la serkali. Si siri. Raia anaweza kuiomba.

Huku Ituri kuna jicho moja lililofungwa. Tangu hali ya dharura ya kijeshi ilipoanza, tarehe 6 Mei 2021, bunge la jimbo halikai tena kuuliza maswali. Lakini FONER ni ya taifa, na kifungu cha 138 cha Katiba kinawapa wabunge wa taifa nguvu ya kuuliza, kuita na kuunda tume ya uchunguzi juu ya mashirika ya serkali. Wabunge waliochaguliwa Aru wanaweza kuulizwa kama wamefanya vile, na jibu gani walipata.

Kwa upande wetu, jambo ni risiti. Wakaguzi wote watatu wanaanzia kwenye makaratasi. Feza iliyotolewa kwenye bariyeri bila risiti haiingie kitabu chochote, na hakuna mukaguzi wa Kinshasa atakayeiona. Omba risiti yenye nambari, tarehe, kiasi na jina la serviši iliyopokea. Ile isiyo na jina la serviši usiikubali, hata kama dereva anapiga honi nyuma yako.