Sasisha

Nalipenda neno hili. Kama rahisi lilivyozaa rahisisha na sahihi likazaa sahihisha, ndivyo sasa lilivyozaa sasisha: kulifanya jambo liwe la sasa. Hapa Ifakara wengi tunasema "kuapdeti", na tunaelewana, ila sasisha linajieleza lenyewe hata kwa bibi anayeishika simu kwa mara ya kwanza.

Kuchezea simu ndiyo starehe yangu ya Jumapili. Juzi, baada ya kusasisha, nililandanisha majina ya simu zangu mbili. Landana ni kufanana, kwenda sambamba. Landanisha ni kuvifanya viwili vilingane. "Fundi Baiskeli" akatokea mara tatu. "Mama Mchele Sokoni" akatokea mara mbili, moja ikiwa na namba aliyoiacha zamani. Simu hulandanisha maandishi, mtu haimjui. Ilinibidi niwapigie mmoja mmoja, na tukasalimiana kwa kirefu.

Katikati ya orodha yupo "Kijana wa Pantoni". Tangu daraja la mto Kilombero lifunguliwe 2018 hatuvuki tena kwa pantoni, naye siku hizi analima mpunga. Jina lake sijalisasisha.