Mlima Ulioachwa na Watu, Mlima Ulioachwa na Theluji

Januari 1934, kwenye kilima cha malisho nje kidogo ya mji wa Woodstock, jimbo la Vermont, kamba ndefu ilifungwa kwenye injini ya gari la Ford Model T. Injini ilipowaka kamba ikaanza kuzunguka. Mtu akaishika kwa mikono miwili, ikamkokota na skii zake miguuni hadi juu. Hiyo ndiyo lifti ya kwanza ya kamba nchini Marekani. Kabla yake, aliyetaka kuteleza alipanda kwanza kwa nguvu zake mwenyewe, na kuteremka mara mbili tatu kwa siku kulimtosha. Baada yake aliweza kuteremka mara ishirini, na kilima cha ng'ombe kikawa biashara.

Biashara hiyo imekwisha kufa katika mamia ya vilima. Mwaka 1998 Jeremy Davis alianza kuorodhesha maeneo ya skii yaliyofungwa katika majimbo sita ya New England, na orodha yake imeshapita 600. Mengi yalikuwa madogo: kamba moja, kibanda cha kuotea moto, mwenye shamba na wanawe. Yaliuawa na mambo mengi yaliyoandamana. Barabara kuu mpya ziliwapeleka watu wa Boston na New York moja kwa moja kwenye milima mikubwa. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973. Misimu kadhaa ya baridi ilikuja bila theluji ya kutosha, na mashine za kutengeneza theluji zilitaka mtaji ambao mkulima hakuwa nao. Kisha ikaja bima.

Kisa cha bima kinafaa kusimuliwa, kwa sababu kilianzia kichakani. Mwaka 1974 kijana mmoja aliyekuwa akijifunza skii huko Stratton, Vermont, alinasa kwenye kichaka kidogo kilichochomoza katika njia ya wanagenzi, akaanguka, akapooza mwili. Wazee wa baraza walimpa ushindi na fidia ya dola milioni 1.5, na mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya Vermont ikathibitisha hukumu hiyo. Ada za bima zikapanda, na wenye vilima vidogo, ambao hawakuwa na wakili wala mtu wa kufyeka kila wiki, wakaanza kufunga mmoja baada ya mwingine.

Leo watu hupanda vilima hivyohivyo kwa miguu. Chini ya skii hubandika mikanda yenye manyoya mafupi, zamani ya ngozi ya sili, sasa ya mohea au nailoni, ambayo huteleza ikienda mbele na hukwama ikirudi nyuma. Wakifika juu huibandua, wakateremka katika njia ambazo ramani mpya hazizionyeshi. Swali langu ni hili: mteremko uliofungwa unapopata wageni wa namna hii, ni mali ya nani, na nani ana wajibu wa kuutunza? Kila nchi yenye milima inajibu kwa mazoea yake, na majibu hayo hayafanani hata kidogo.

New England inajibu kwa msumeno. Hali ya hewa ya huko ni ya mvua na udongo una rutuba; njia ya skii isipofyekwa huwa kama shamba la bondeni lililoachwa, miaka michache tu msitu umelichukua. Kwa hiyo kuna vyama vya watu wa kujitolea ambao kila vuli, kabla theluji haijaanguka, hupanda na mikasi ya kupogolea na misumeno ya mkono. Hogback, katika kijiji cha Marlboro, ilifungwa mwaka 1986. Leo ni ardhi ya hifadhi chini ya kijiji chenyewe, na wenyeji ndio wanaozuia njia zake zisizibwe. Kwenye Mlima Greylock, Massachusetts, kuna njia ya Thunderbolt, iliyokatwa mwaka 1934 na vijana wa Civilian Conservation Corps, mpango wa serikali ya Roosevelt wa kuwapa kazi wasio na ajira. Thunderbolt haijawahi kuwa na lifti. Ilikuwa njia ya mashindano makubwa, ikasahauliwa, ikajaa miti, na watu wa kujitolea wakaifungua upya.

Ninachokipenda katika desturi hii ni kwamba haijidanganyi kuhusu maumbile. Hakuna anayedai kuwa anateleza katika pori lisiloguswa. Njia imekatwa na vijana wa 1934, katika eneo ambalo karne moja nyuma yake lilikuwa nusu tupu: mnamo 1840 Vermont peke yake ilikuwa na kondoo zaidi ya milioni moja na nusu, na misitu ilifyekwa kwa ajili yao. Anayekata tawi leo anaendeleza kazi ya mtu mwingine. Lakini desturi hii ina upande wa pili. Mtu akishazoea kuona msumeno kama haki yake, huanza kujikatia. Mwaka 2007 watu wawili walijifyekea njia yao wenyewe katika msitu wa jimbo kwenye Big Jay, kaskazini mwa Vermont, wakaishia mahakamani.

Magharibi ya Marekani hali ni tofauti, ingawa bendera ni moja. Berthoud Pass, Colorado, iko mita 3,446 juu ya usawa wa bahari. Lifti zake zilianza mwaka 1937 na kusimama mwaka 2001, na hata mitambo ikaondolewa. Huko juu msitu hauharakishi. Miti ni michache na hukua polepole, kwa hiyo hakuna haja kubwa ya kufyeka. Tena barabara kuu namba 40 inapita kileleni kabisa. Basi watelezaji huegesha gari juu, huteremka hadi barabara inapokunja chini, halafu husimama kando na kuomba lifti ya gari la mpita njia ili warudi walikotoka. Ni lifti ya bure, isiyo na kampuni.

Kilichoondoka Berthoud pamoja na nguzo ni ulinzi. Enzi za kampuni, walinzi wa mteremko walitoka alfajiri wakalipua baruti kuangusha theluji iliyoning'inia kabla wateja hawajafika. Sasa hakuna anayelipua kwa ajili ya watelezaji. Maporomoko ya theluji yanaweza kushuka saa yoyote mahali ambapo baba yako alikuwa akifundishwa skii akiwa mtoto, na mazoea ya zamani ndiyo hatari yenyewe, maana mtu hauogopi uwanja aliochezea. Badala ya mlinzi kuna taarifa ya kila siku ya kituo cha jimbo kinachotabiri maporomoko, kuna mafunzo, na kuna kila mtu na koleo lake mgongoni. Ukilinganisha na Vermont, utaona kwamba Colorado wameurithi mlima bila kazi ya kufyeka, lakini wamerithi kifo kinachowezekana. Urithi huo una uzito wa namna yake, na haugawanywi na chama cha kijiji.

Ukivuka bahari hadi Ufaransa, jibu linatoka bungeni. Haishangazi. Tangu 1964 serikali ya Paris ilikuwa na mpango wa theluji, ikapanga vituo vya skii milimani kama inavyopangwa miji mipya, kwa hoteli, barabara na nguzo za chuma. Kilichojengwa kwa amri huonekana kinapaswa kubomolewa kwa amri. Sheria ya milima ya Desemba 2016 inataka lifti inayosimamishwa moja kwa moja ing'olewe ndani ya miaka mitatu na eneo lirudishwe katika hali yake. Tatizo ni kwamba inazibana lifti mpya. Za zamani, ambazo ndizo zinazokufa, ziliachwa. Pengo hilo limezibwa kwa kiasi na Mountain Wilderness, chama cha wapanda milima ambacho tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kimekuwa kikipeleka watu wake kung'oa nyaya na nguzo zilizosahauliwa.

Mfano unaotajwa sana ni Céüze, karibu na mji wa Gap. Wapanda miamba wa dunia nzima wanalijua jina hilo kwa ajili ya ukuta wake wa chokaa. Upande wa pili wa mlima kulikuwa na kituo kidogo cha skii, kilichofungua kwa mara ya mwisho mwaka 2018. Theluji ilikuwa imepungua, na gharama za kukitunza kikiwa kimelala zilikuwa zikiendelea kulipwa na wenyeji. Mwishoni mwa 2023 helikopta zikaanza kubeba nguzo zake. Mmarekani wa Vermont akiona picha za kazi ile huenda akahuzunika, kwa kuwa kwake nguzo yenye kutu ni kumbukumbu. Kwa mwanachama wa Mountain Wilderness ni taka tu, na waya uliofunikwa na theluji nusu mita ni mtego unaoweza kumkata mtu au mnyama. Hapo nawaunga mkono Wafaransa bila kusita. Mapenzi ya Wamarekani kwa vyuma vyao vya kale mara nyingine ni uvivu uliovikwa joho la historia.

Ukimuuliza Mnorwe swali langu hili, sijui kama ataona ni swali. Sheria yao ya mwaka 1957 juu ya maisha ya nje inampa kila mtu ruhusa ya kupita ardhi isiyolimwa mwaka mzima. Hata shambani kwa mtu anaweza kupita ardhi ikiwa imeganda au imefunikwa na theluji, ila si kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Oktoba. Skii huko zilikuwa njia ya kwenda kwa jirani karne nyingi kabla ya Sondre Norheim wa Morgedal kuzifanya sanaa katika karne ya 19. Lifti ikifungwa, mlima unabaki wazi kama ulivyokuwa.

Japani ndiko swali linakogeuka kichwa chini. Skii zilifika na ofisa wa jeshi la Austria, Theodor von Lerch, aliyewafundisha wanajeshi wa Takada Januari 1911. Katika miaka ya 1980 zikawa homa: fedha zilikuwa tele, sheria ya 1987 ya maeneo ya mapumziko ikafungua milango ya mikopo na ujenzi, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 watelezaji walihesabiwa kuwa karibu milioni 18. Halafu uchumi ukapasuka, vijana wakapungua, na mamia ya vituo yakafungwa. Theluji yenyewe haikwenda popote. Pepo za Siberia bado zinavuka bahari na kuimwaga kwenye pwani ya magharibi na Hokkaido kwa mita nyingi kila msimu. Kwenye mlima wa Weiss, jirani na Niseko, kituo kilifungwa zamani, na leo gari la minyororo huwapandisha wageni wachache wanaolipa, wengi wao kutoka nje, ili wateleze katika njia tupu zilizokatwa kwa ajili ya umati. Hapo kuachwa kwenyewe kumekuwa bidhaa, na bei yake si ndogo.

Kwa hiyo tusichanganye aina mbili za kuachwa. Japani na Vermont zina milima iliyoachwa na watu. Chacaltaya, Bolivia, ni mlima ulioachwa na theluji. Klabu ya wapanda milima ya nchi hiyo iliweka lifti ya kamba pale mwaka 1939, kwa injini ya gari, miaka mitano tu baada ya Woodstock, katika kimo cha mita zaidi ya 5,000, na kwa miongo mingi ikajivunia kuwa na mteremko wa skii wa juu kuliko wote duniani. Wanasayansi walitabiri kwamba barafu yake ingekwisha mnamo 2015. Ilikwisha 2009. Jumba la klabu lipo, barabara kutoka La Paz ipo, maabara ya miale ya anga iliyo jirani bado inafanya kazi. Unaweza kufyeka, kupanda na kujitolea upendavyo. Hakuna kitu cha kutelezea, ila siku chache theluji mpya inapoanguka juu ya mawe.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sehemu yetu katika habari hii. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo, kilele cha Kilimanjaro, wakiwa na skii na kuzitumia kuteremka. Hapakuwa na lifti wala kampuni iliyofungwa, ila mteremko mweupe. Tangu mwaka huo Kilimanjaro imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake, na kipande kinachobaki karibu na kilele kinaitwa kwa jina la Furtwängler.

Kati ya Vermont na Chacaltaya kuna eneo pana la katikati, na huko ndiko vituo vingi vya Alps vya kimo cha chini vinakoelekea. Wataalamu wa utalii wa Uswisi wana kipimo chao: kituo kinajiendesha kikipata siku 100 zenye theluji ya kutosha, katika angalau misimu saba kati ya kumi. Céüze ilishindwa mtihani huo. Lakini mtu mwenye skii zake na mikanda ya manyoya hana mshahara wa kumlipa fundi wa lifti. Akipata theluji asubuhi moja ya Februari, kwake msimu umekuwepo. Mlima unaweza kufa katika vitabu vya mhasibu miaka thelathini kabla ya kufa chini ya miguu, na hiyo miaka thelathini ndiyo ninayoona inafaa kugombaniwa.

Ndiyo maana, pamoja na kuwaunga mkono Wafaransa juu ya vyuma, nabaki na shaka juu ya kifungu cha sheria yao kinachotaka eneo lirudishwe katika hali yake. Hali ya lini? Kabla ya lifti, miteremko mingi ya namna ile haikuwa msitu. Ilikuwa malisho, wazi kwa kuliwa na mifugo kila kiangazi, na ndiyo sababu skii zilipendeza pale tangu mwanzo. Ukiiacha ijifunge kwa misonobari unapata kitu kipya, wala si cha kale. Ukiwaita kondoo warudi, watakufanyia bure kazi ambayo watu wa Marlboro huifanya kwa mikasi kila vuli, na mteremko utabaki wazi kwa hizo asubuhi chache zilizosalia.